SOMO: MAHALI PATULIVU PA KULALA MJINI DAR ES SALAAM

Safari ya Dar es Salaam si jambo la ajabu tena vijijini. Mmoja anampeleka mgonjwa Muhimbili. Mwingine ametumwa na kikundi kununua bidhaa za duka Kariakoo. Wote wawili hutayarisha nauli, chakula na fedha za matumizi. Ukiwauliza watalala wapi, wanajibu, "Tutapaona tukifika." Hapo ndipo taabu inapoanzia.

Tufikirie kidogo. Mgonjwa anatakiwa kliniki asubuhi na mapema, na usiku kucha hakufumba jicho kwa sababu ya muziki wa baa. Mweka hazina anahesabu fedha za wenzake mbele ya kaunta huku anasinzia. Noti moja ikimponyoka, atawaeleza nini wanakikundi? Kwa hiyo utulivu wa usiku siyo anasa. Ni sehemu ya kazi iliyokupeleka mjini.

Kwanza tujue tunashukia wapi. Zamani mabasi ya mikoani yalikuwa yakifika Kisutu na Mnazi Mmoja, baadaye yakahamia Ubungo. Mwaka 2021 ilifunguliwa stendi kuu ya Magufuli, huko Mbezi Luis, kwenye barabara ya Morogoro. Ukishuka hapo bado una safari ndefu kufika mjini. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kisha Dodoma, yenyewe inakushusha mjini kabisa. Vyovyote iwavyo, panga safari ufike mchana. Mtu anayetafuta chumba saa sita usiku na mzigo kichwani hachagui, anachukua kile anachopewa.

Sasa tuutazame mji wenyewe. Wakoloni waliugawa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa bahari, Wahindi kwenye maduka ya katikati, Waafrika wakasukumwa nyuma, Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Ubaguzi ule uliondoka, lakini ramani yake bado inaonekana, na hata kelele za leo zinaifuata ramani hiyo kwa kiasi fulani.

Jina la Kariakoo linatokana na maneno ya Kiingereza yaliyokuwa na maana ya kikosi cha wapagazi. Waingereza waliweka hapo kambi ya wapagazi wao baada ya kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Wapagazi wa vita wameondoka, wa mizigo ya biashara wapo hadi leo! Nyumba za zamani za Kiswahili, zenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, nyingi zimebomolewa na kujengwa magorofa ya maduka. Mchana utasikia vipaza sauti vinavyotaja bei moja mara mia. Usiku malori hushusha mizigo. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara Kariakoo kwa saa 24. Kwa wafanyabiashara ni neema. Kwa mtu anayetaka kulala ni habari ya kuzingatia.

Je, tuseme Kariakoo hapafai kulala? Hapana. Mwenye kazi ya kununua bidhaa anafaidika kulala karibu, maana hapiti na fedha ndani ya daladala. Ila asilale mtaa wa Kongo au Msimbazi akitegemea kimya. Aingie mitaa ya ndani, atafute nyumba ambayo chini yake kuna duka linalofungwa jioni.

Kuvuka Mnazi Mmoja kuelekea baharini utakuta Kisutu na mitaa ya jirani. Hapa mchana pana magari mengi, lakini maduka yakifungwa jioni mtaa unatulia. Nyumba za wageni zipo, na Muhimbili siyo mbali. Utasikia adhana ya alfajiri, maana misikiti ni mingi. Hiyo usiihesabu kuwa kelele. Kwa anayewahi kliniki ni saa ya kumwamsha bila kulipa.

Upanga ndiyo tunayoipendekeza zaidi kwa wenye wagonjwa. Ina miti, nyumba za familia, na hospitali ya Taifa Muhimbili iko humohumo. Shida yake ni kwamba vyumba vya bei nafuu ni vichache, kwa hiyo piga simu siku kadhaa kabla. Tena Upanga ina faida nyingine ambayo wageni hawaijui. Kati ya Magomeni na mjini kuna bonde la Jangwani. Mvua kubwa zikinyesha, mto Msimbazi hufurika na barabara ya Morogoro imefungwa hapo mara nyingi. Aliyelala Magomeni au Manzese anaweza kuikosa kliniki ingawa ameamka mapema. Aliyelala Upanga anatembea kwa miguu.

Lakini tusidanganyike na jina la mtaa. Kelele hutofautiana nyumba kwa nyumba. Kabla ya kulipa, omba kuoneshwa chumba. Funga mlango, keti kitandani kimya kwa dakika tano, usikilize. Uliza dirisha linatazama wapi, na jenereta liko upande gani. Chumba cha nyuma mara nyingi kina utulivu kuliko cha barabarani. Chumba cha juu nacho kina utulivu, ila umeme ukikatika lifti haifanyi kazi, na mgonjwa wa miguu hawezi kupanda ngazi za ghorofa nne. Kwake heri kelele kidogo chini.

Halafu soma mabango. Wewe sasa unajua kusoma, basi tumia elimu yako! Bango la "Baa" au "Ukumbi wa sherehe" jirani na gesti linakueleza usiku wako utakuwaje. Jihadhari na neno "Grosari". Mgeni hudhani ni duka la sukari na sabuni, kumbe mjini mara nyingi ni mahali pa kunywea bia. Ukiingia gesti soma pia karatasi iliyobandikwa ukutani, ujue mwisho wa kuondoka ni saa ngapi. Andika jina lako katika kitabu cha wageni, udai risiti. Wenye kupiga kelele kupita kiasi wanavunja kanuni za mwaka 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, na taasisi ya serikali inayosimamia mazingira hupokea malalamiko. Ila mgeni wa siku mbili, tuseme ukweli, atamaliza haraka zaidi kwa kuhama chumba.

Jambo lingine, kimya siyo usalama. Baadhi ya mitaa ya maofisi, karibu na Posta, jioni na siku za Jumapili inakuwa mitupu kabisa. Mahali pasipo mtu hapana wa kukusaidia. Chagua mtaa ambao watu wanakaa, wenye mlinzi mlangoni na taa njiani.

Wapo watakaofikia kwa ndugu. Ni vizuri, ila toa taarifa mapema, usiende mikono mitupu, na umwombe mwenyeji akutambulishe kwa mjumbe. Kama ndugu ana chumba kimoja na watoto wanne, mgonjwa hatapumzika hapo hata kwa upendo wa namna gani. Nenda ukawasalimie, ulale gesti.

Tumalizie na hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Gesti ya mbali ni sh. 15,000 kwa usiku, na bajaji ya kumpeleka mgonjwa na kumrudisha ni sh. 8,000 kwa siku. Gesti ya Upanga ni sh. 20,000, na hospitali mnakwenda kwa miguu. Kwa siku tatu, ya mbali ni sh. 69,000, ya karibu ni sh. 60,000.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kama mgonjwa wenu hawezi kutembea hata kidogo, hesabu ya hapo juu itabadilika vipi?

2. Mweka hazina wenu akienda Kariakoo kununua bidhaa, mngependa alale mtaa gani, na kwa nini?

3. Nani kijijini kwenu amelala Dar es Salaam mwaka huu? Mwiteni awaeleze alisikia nini usiku.