Insha ya falsafa: bana kiungo kimoja tu

Insha inayoanza na "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akijiuliza" humchosha msahihishaji mapema. Yeye anataka kujua unadai nini na kwa sababu gani.

Mimi huanza na hoja ya mwenzangu, nikaiandika upya mpaka mwenyewe angekubali kuwa ni yake. Mchukue John Mbiti na kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy. Alidai kuwa katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ni Sasa na Zamani. Wakati ujao wa mbali karibu haupo. Darasani watu hupandwa na mori: "Anatudharau!" Sawa, lakini hasira haina alama.

Kwenye karatasi naipanga hivi. Kwanza, vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu havivuki miaka miwili hivi ya mbele. Pili, watu wasio na kitenzi cha wakati fulani hawana dhana ya wakati huo. Tatu, yaliyo kweli kwa jamii hizo ni kweli kwa Waafrika kwa jumla. (Anayo hoja nyingine, kwamba wakati ni matukio, na yasiyotukia si wakati. Hiyo ina insha yake.)

Sasa chagua kiungo kimoja kati ya hivyo vitatu vya hoja. Cha tatu mwanafalsafa Kwame Gyekye alishakipinga kwa ushahidi wa Waakan wa Ghana. Ukikitaka, mtaje, kisha uongeze lako. Mimi nakibana cha pili: mzee anayewausia wajukuu ambao hawajazaliwa wasiuze shamba anafikiria mbali, vitenzi viwe vilivyo.

Usiishie hapo. Mpe Mbiti nafasi ya kujibu. Angesema kuzaliwa kwa wajukuu ni mdundo wa maumbile tu, kama mvua na mavuno, nao alishautenga na wakati ujao halisi. Jibu zito hilo. Lakini sharti la kutouza shamba halikuletwa na maumbile; limetungwa na mtu kwa ajili ya siku asizoziona. Alama nyingi ziko katika majibizano haya, na ndiyo sehemu ambayo wengi huiandika kwa mistari miwili.

Rasimu ikiisha, nazungushia duara kila "kwa hiyo" na kuuliza kama yaliyotangulia kweli yanatufikisha hapo. Nyingi hufutwa. Utangulizi nauandika mwisho, sentensi tatu: Mbiti anadai nini, kiungo gani nakikataa, na kwa nini.