Kijibwa na mikojo ya mchana

*Daktari, nina kijibwa aina ya Maltese, miezi mitatu. Nashinda kiwandani Industrial Area. Nikirudi chumbani Mukuru kwa Reuben, mikojo kila mahali. Nimchape?*

Usimchape. Atajifunza kujificha tu, kisha akojoe chini ya kitanda. Kibofu cha umri huo hustahimili muda wa saa tatu hivi. Zamu yako ni ndefu zaidi. Mlipe jirani wa ploti ampeleke kwenye beseni la mchanga mlangoni saa sita. Wewe mpeleke akiamka na akishakula, umsifu papo hapo. Sakafu isugue kwa siki: harufu ikibaki, atarudi palepale. Kichochoroni asikanyage kabla ya kumaliza chanjo. Ugonjwa wa parvo, anaoweza kuupata huko, huua upesi. Akikojoa matonematone au damu, mwone daktari wa mifugo siku hiyohiyo.