Urithi wa Kijiji Uingie Kwenye Muhtasari

Ukitaka shughuli ya mila na historia isimame katika vijiji vya Ihanja, wilayani Ikungi, usianze na fulana wala kadi za michango. Anza na ajenda. Jambo ambalo halijaandikwa kwenye muhtasari wa kijiji ni la watu wawili watatu. Wakihama au wakigombana, nalo limekwisha.

Mlango wake ni mwenyekiti wa kitongoji. Mweleze, kisha akufikishe kwenye kamati ya huduma za jamii na kujitegemea, ambayo ni mojawapo ya kamati za kudumu za halmashauri ya kijiji. Halmashauri hiyo hukaa kila mwezi, na mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mpe mtendaji wa kijiji barua yenye mambo matatu tu: mnataka kufanya nini, wapi, na nani atawajibika. Lenga mkutano wa baada ya mavuno. Mvua za Novemba hadi Aprili zikiendelea, watu wako mashambani na akidi huwa ya kubahatisha.

Wakati mnasubiri kikao, rekodini wazee. Hapa ndipo wengi huharibu. Humketisha mzee chini ya mti, wakamuuliza, "Mila zetu zilikuwaje?" naye akawapa hotuba. Muulize kitu alichokifanya kwa mikono yake, mfano kujenga tembe, ile nyumba ya paa la udongo. Tembe lenu la kwanza, nguzo mlikata mti gani? Boriti mlizipangaje? Udongo wa paa mlitoa wapi, na masika lilipovuja mlifanyaje? Mwache ajibu kwa lugha yake, Kinyaturu. Tafsiri itafanywa baadaye na kijana anayekijua vizuri. Na upepo wa Singida usiuchezee, maana nje simu itanasa mvumo mtupu. Ingieni ndani, ikiwezekana ndani ya tembe lenyewe, simu iwe karibu na mdomo wake, na mwanzoni ataje jina lake, kitongoji na tarehe. Muombe ruhusa kabla ya kubonyeza.

Bibi naye asisahaulike. Historia ya hapa ina Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwa aliwakabili Wajerumani kwa nyuki, ambaye leo uwanja wa mpira wa Singida mjini unaitwa kwa jina lake. Akisimulia bibi mmoja hivi na mwingine vile, hifadhini masimulizi yote mawili.

Kuna jambo lisilo na mjadala. Wazee watataja ukeketaji, na kuurekodi kama historia ni sawa. Kuuigiza au kuusifia mbele ya watoto si sawa, na kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Atakayewaambia kwamba bila ukeketaji siku ya mila haijakamilika, mwondoeni kwenye kamati yenu ya maandalizi.

Mkikuta vigae vya kale au michoro ya miambani, msichimbe wala msiilowanishe maji ili ionekane vizuri kwenye picha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali. Toeni taarifa kwa mtendaji.

Fedha? Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, isiyo na riba, ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vyenye biashara, haigharimii ngoma. Kikundi cha mizinga au cha kusuka kinaweza kuomba kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mahitaji ya siku ya mila, yaani viti, maji na chakula cha wazee, yatoke kwa wanakijiji, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi.

Rekodi ziwe na nakala tatu: shuleni, ofisi ya kata, na kwa familia ya msimuliaji. Halafu mwulizeni mapema afisa utamaduni wa wilaya kama kuna nafasi ya kuonyesha kazi yenu kwenye banda la maonyesho ya Nanenane, Nzuguni, Dodoma. Juni si mapema tena.