Mshumaa, Beseni na Jibu Langu la Kukariri

Mwaka huu sikuleta shairi wala hadithi. Nimeleta somo la sayansi, na walionifunza ni watoto wa Gredi ya 8.

Shule ya msingi iliyo jirani yetu ina madarasa ya sekondari msingi, yale yaliyoanza nchini Januari 2023. Mdogo wangu anasoma huko. Maabara hawana. Siku moja mwalimu wao aliomba silinda ya kupimia kutoka shuleni kwetu, nami nikatumwa niipeleke na kuirudisha jioni hiyo hiyo.

Nilipofika niliwakuta wamezunguka beseni la plastiki lenye maji. Katikati ya beseni palikuwa na mshumaa uliosimamishwa kwa nta yake. Mwalimu akaufunika kwa chupa tupu ya jemu. Mshumaa ukafifia, ukazima, na maji yakapanda ndani ya chupa kiasi cha upana wa kidole kimoja. Jaribio hili ni la zamani sana. Mgiriki mmoja kwa jina Philo wa Byzantium alilieleza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

"Wacha tumsikie ndugu yetu wa Kidato cha Tatu," mwalimu akasema.

Nikajikohoza. Nikawaambia oksijeni yote imeliwa na moto, maji yamechukua nafasi yake, na kwa kuwa oksijeni ni humusi ya hewa, yaani sehemu moja kati ya tano, maji hupanda humusi ya chupa. Nilikuwa nimelikariri jibu hilo tangu Kidato cha Kwanza. Mdogo wangu alikuwa akinitazama kwa fahari.

Msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono. "Kaka, na tukiweka mishumaa mitatu?"

Nikajibu haraka kuwa itakuwa vilevile, maana oksijeni ya chupa haiongezeki kwa kuongeza mishumaa. Basi wakajaribu kwa chupa ile ile. Maji yakapanda zaidi ya vidole viwili! Darasa zima likanigeukia. Kwa kweli nilitamani kengele ilie.

Mwalimu hakunicheka. Alituambia turudie tena na tena, safari hii tukitazama kwa makini. Ndipo tukaona mambo mawili ambayo mimi sikuwahi kuyaona, kwani jaribio hili nilikuwa nimelisoma tu. La kwanza, chupa ikishushwa, mapovu hutoroka chini ya mdomo wake. La pili, wakati mshumaa unawaka maji hupanda kidogo sana. Hupanda kwa kasi baada ya moto kuzima.

Maana yake ni hii. Moto huipasha hewa joto, hewa hutanuka, na sehemu yake hutoroka. Moto ukizima, hewa iliyobaki hupoa na kunywea, nao uzito wa hewa ya nje husukuma maji yaingie. Mishumaa mitatu huleta joto zaidi, kwa hivyo hewa zaidi hutoroka. Tena oksijeni inayotumika haiachi nafasi tupu. Mahali pake huja kabonidayoksaidi na mvuke wa maji. Mvuke ukipoa hugeuka maji, lakini ile gesi huyeyuka majini polepole tu. Na mshumaa huzima kungali na oksijeni nyingi ndani! Jibu langu halikuwa uongo mtupu, ila sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na joto.

Sasa, mtu atajuaje kwamba oksijeni ni humusi? Hapo ndipo silinda ilipohitajika. Tulichukua stilwulu ya kusugulia sufuria, tukaiosha kwa siki kuondoa mafuta, tukaisukuma ikiwa mbichi hadi mwisho wa silinda. Tukaigeuza silinda mdomo chini katika beseni na kuifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza isianguke. Kwa mrija tulitoa hewa kidogo mpaka maji yakafika alama ya 100. Hapa hakuna moto. Chuma hushika kutu polepole, na kutu huifunga oksijeni ndani yake bila kuacha gesi nyingine.

Shida ni kwamba kutu haina haraka, nami niliagizwa nirudishe silinda jioni. Nilirudi mikono mitupu nikamweleza mwalimu wetu wa kemia ukweli, pamoja na aibu yangu ya mishumaa mitatu. Alinyamaza kidogo, kisha akanipa wiki moja.

Ijumaa iliyofuata nilikimbia huko baada ya masomo. Stilwulu ilikuwa rangi ya udongo mwekundu. Yule msichana alipiga magoti, akasoma alama: hewa imebaki mililita 80 na kidogo. Walikuwa wamesoma kila asubuhi na kuandika ubaoni, na kwa siku mbili za mwisho maji hayakuwa yamesogea.

Nimeuliza kama tunaweza kufanya majaribio yote mawili siku ya chama, hapa kwetu. Beseni na mishumaa ninavyo. Silinda pia ipo, ingawa kutu iliyoganda ndani yake nimeisugua mara tatu na haijatoka yote.