SAYARI IPI ILIYO NA JOTO KUPITA NYINGINE?

Watu waketio kuzunguka meko hujua kwamba aliye karibu na moto ndiye aonaye joto zaidi. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba Utaridi ndiyo sayari ya kwanza kutoka kwenye jua, Zuhura ya pili, dunia yetu ya tatu na Mirihi ya nne, mara atajibu kwamba Utaridi ndiyo yenye joto kupita zote. Jibu hilo laonekana kuwa la akili, lakini si kweli. Sababu yake yafaa kuchunguzwa.

Utaridi i mbali na jua kadiri ya maili 36,000,000. Mchana joto lake hufikia digrii 430 za Sentigredi. Maji huchemka kwa digrii 100, na risasi huyeyuka kwa digrii 327. Basi risasi ikiwekwa huko mchana ingekuwa majimaji. Lakini usiku baridi yake hushuka mpaka digrii 180 chini ya sifuri. Sayari hii haina hewa ila kidogo mno, kwa hiyo hakuna kitu cha kulizuia joto lisipotee. Tena huzunguka polepole, hata tangu jua kuchomoza mpaka kuchomoza tena ni siku zetu 176. Usiku mrefu namna hiyo huyamaliza yote yaliyopatikana mchana.

Zuhura, ile nyota ing'aayo alfajiri au baada ya magharibi, i mbali na jua maili 67,000,000. Hata hivyo joto la ardhi yake ni kadiri ya digrii 465, na mchana na usiku ni karibu sawasawa. Habari hii si ya kubahatisha. Tarehe 15 Desemba 1970 chombo cha Muungano wa Soviet, Venera 7, kilitua huko na kuleta habari kwa muda wa dakika 23 hivi, kisha kikanyamaza.

Tena mawingu mazito ya Zuhura hurudisha angani karibu robo tatu ya nuru ya jua, hata nuru ibakiayo ni pungufu kuliko ile ibakiayo katika dunia yetu. Joto hilo, basi, latoka wapi? Latokana na hewa yake. Karibu yote ni hewa ya ukaa, na uzito wake hukandamiza ardhi mara 90 zaidi ya hewa yetu. Nuru hupenya, lakini joto litokalo ardhini huzuiwa lisirudi angani.

Wakulima wa Kinangop walijua jambo hili kwa njia yao. Usiku wenye mawingu mashamba husalimika. Usiku wa mbingu nyeupe joto hukimbia, na asubuhi sakitu imeunguza viazi. Blanketi haliwashi moto, lakini humhifadhia mtu joto lake mwenyewe.

Mirihi nayo ina hewa ya ukaa, lakini hewa yake yote haifiki sehemu moja katika mia ya hewa yetu. Blanketi jepesi namna hiyo halifai kitu, na joto lake kwa wastani ni kadiri ya digrii 60 chini ya sifuri.

Dunia yetu i katikati. Wastani wa joto lake ni kadiri ya digrii 15. Lau isingekuwa na hewa zizuiazo joto, ingekuwa digrii 18 chini ya sifuri, na maji yangeganda. Lakini blanketi hili laongezeka unene. Mwaka 1958, wataalamu walipoanza kuipima hewa katika mlima Mauna Loa, Hawaii, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 315 hivi katika milioni. Mwaka 2024 ilizidi 420, hasa kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe na mafuta, na kwa kukata misitu. Dunia haitakuwa kama Zuhura kwa ajili hiyo, lakini kanuni ni ile ile, na digrii moja au mbili zatosha kubadili mvua na mavuno.

Basi aulizaye joto la sayari asitazame umbali wa jua peke yake. Na atazame pia nguo iliyojifunika.