Kongo katika Soko la Afrika Mashariki: Kuingia ni Siku Moja, Kutimiza ni Miaka



Mimi ni mwenyeji wa Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu. Majirani zetu wengi wanakula kwa mpaka wa Goma, hasa akina mama wanaovuka na nyanya na mboga. Kwa hiyo somo hili si la wachumi peke yao.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai. Ukubwa wake unazidi kilomita za mraba milioni 2.3, Rwanda ni kama 26,000 tu. Mbona nchi kubwa hivyo inapata tabu kuingia sokoni? Naona mambo matatu.

Kwanza, forodha. Bidhaa za wanachama hazitozwi ushuru wa forodha, na za nje hutozwa viwango vya pamoja: asilimia 0, 10, 25 au 35. Kubadilisha viwango ni kugusa mapato ya serikali. Hata Rwanda, iliyojiunga Julai 2007, ilianza kuvitumia Julai 2009.

Pili, nyumba yenye milango mingi. Kongo imo pia COMESA na SADC. Magharibi yake hutegemea bandari ya Matadi. Mashariki hutegemea Mombasa na Dar es Salaam. Bidhaa moja ikitozwa tofauti katika kila mlango, magendo hupata njia.

Tatu, amani. Tangu Januari 2025, Goma imekuwa mikononi mwa M23. Mkataba uliosainiwa na serikali hautekelezeki pale ambapo serikali hiyo haishiki forodha. Anayeumia kwanza ni mwenye beseni kichwani, maana mtaji wake huoza kwa siku mbili.

Fiqhi inatufunza nini? Abu Musa al-Ash'ari alipomwandikia Sayyidna Umar (r.a.) kuhusu wafanyabiashara wa nje, aliagizwa awatoze kama wao wanavyowatoza Waislamu. Msingi ni usawa, na kiwango kinachojulikana. Nayo Suratul Maida inaanza kwa kuwaamuru waumini watimize mikataba. Basi saini ya dola ni amana, na haki ya muuza nyanya ni kujua atalipa nini, wapi, na mara ngapi.

Maswali ya darasa: Je, mfanyabiashara mdogo anazijua haki zake mpakani? Sisi wanafunzi tunaweza kumweleza kwa lugha gani?

Wallahu aalam.