SOMO: KUFUNGUA MFUPA WA KICHWA BILA KUJERUHI UBONGO



Mtoto anaanguka toka juu ya muembe, ao anagongwa na pikipiki. Daktari anasema: «Lazima tufungue kichwa.» Wamama wengine wakisikia vile, wanamfunga mtoto mgongoni na kurudi naye nyumbani. Wanaogopa chombo kitaingia mpaka ndani ya ubongo. Woga huo una sababu, lakini unaweza kumwua mtoto. Basi tujifunze.

1. Kichwa kimejengwa namna gani?

Angalia karanga. Kuna ganda, chini yake ngozi nyekundu, kisha mbegu yenyewe. Kichwa ni vile vile: mfupa ni ganda, chini yake kuna ngozi ngumu inayofunika ubongo, kisha ubongo. Kazi ya daktari ni kufungua ganda bila kupasua ile ngozi.

2. Juu ya nini kufungua?

Mtoto akigongwa, mshipa wa damu unaweza kupasuka chini ya mfupa. Damu inakusanyika kati ya mfupa na ile ngozi. Mfupa hautanuki, kwa hiyo damu inakamua ubongo. Pengine mtoto anaamka, anaongea, anaomba chakula. Nyuma ya saa chache anasinzia na haamki tena. Dawa ya kunywa haiwezi kutoa damu hiyo. Ni lazima ipewe njia ya kutokea.

3. Vyombo vya zamani vilikuwa na hatari gani?

Zamani madaktari walitumia patasi na nyundo, ao keke ya kuzungusha kwa mkono. Wewe mama unajua: kisu butu ndicho kinachokata mkono wakati wa kumenya muhogo, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu na kinateleza. Hatari ya keke ni ile ile. Mkono unasukuma, mfupa unaisha kwa gafula, na ncha inaweza kuzama ndani.

4. Vyombo vilitengenezwa vizuri namna gani?

*Msumeno wa waya.* Katika mwaka 1894, Leonardo Gigli, daktari wa wazazi wa Firenze katika Italia, alitangaza msumeno wa waya wa kukata mfupa wa nyonga wakati mtoto amekwama katika kuzaliwa. Ulifanywa kwanza kwa ajili ya wamama! Miaka michache kisha ulianza kutumiwa kwa kichwa. Daktari anatoboa matundu, anapitisha kibati chembamba chini ya mfupa toka tundu moja mpaka lingine, kisha anapitisha waya juu yake. Anavuta huku na huku kwa vishikio viwili. Waya unakata toka ndani kuja inje, unauachia ubongo mgongo. Hata pahali pasipo umeme unafanya kazi.

*Keke inayojisimamisha.* Wakati ncha inasukumana na mfupa, meno yanazunguka. Mfupa ukiisha, ncha haipati tena kitu kigumu. Chombo kinajiachia na meno yanasimama.

*Msumeno wenye mguu.* Chini ya meno yake kuna kibati kama mguu mdogo. Kinapita kati ya mfupa na ngozi, kusudi meno yasiguse ngozi.

Lakini hakuna chombo kinachopita akili ya mtu. Keke ikiinamishwa, ao mfupa ukiwa mwembamba sana, inaweza kukosa kusimama. Kwa hiyo daktari anaishika wima, anamwangia maji mahali pa kutoboa kusudi mfupa usiungue, na kwa mtoto anachagua chombo cha kipimo chake. Mtoto amelala kwa dawa, hasikii maumivu.

5. Mama afanye nini?

Kimbia hospitali kama mtoto aliyegongwa kichwa:
– alizimia, hata kidogo;
– anatapika mara kwa mara;
– anasinzia, ni nguvu kumwamsha;
– ana degedege;
– mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko ingine;
– mkono ao mguu mmoja umelegea;
– damu ao maji yanatoka masikioni ao puani.

Usimchanje kichwa kwa wembe. Usitie majani katika kidonda. Usinyweshe mtoto asiyeamka vizuri. Kitu kilichochoma kichwani, usikichomoe. Mlaze kwa ubavu, shingo imenyooka, na umsindikize mbio.

Si kila mtoto aliyeanguka atafunguliwa kichwa. Wengi wanaangaliwa tu na kurudi nyumbani. Lakini ikiwa lazima, saa moja ya kubishana ni damu ya saa moja juu ya ubongo. Uliza daktari maulizo yako yote, yeye atajibu, lakini usikimbie.

Maulizo
1. Ngozi gani inafunika ubongo?
2. Juu ya nini waya unakata toka ndani kuja inje?
3. Mtoto ameanguka asubui, amecheza vizuri, mangaribi anasinzia. Utafanya nini?